Maswali ya Wasomaji: Kengele, Kwaya na Rangi za Brugge

Barua za safari hii karibu zote zinauliza habari za Brugge, mji wa kale wa Flandria, kaskazini-magharibi mwa Ubelgiji. Zaidi ya nusu zinahusu kengele za mnara wa Belfort, kwa hiyo kengele zimepewa nafasi kubwa. Barua tumezifupisha.

SWALI: Ninapiga kinanda kanisani. Nimesikiliza rekodi ya kengele za Belfort zikipiga wimbo ninaoujua vizuri, uliomo katika meja (mpangilio wa noti wenye sauti ya furaha). Tuni peke yake ilikuwa safi, lakini kila zilipolia kengele tatu kwa pamoja nilisikia kama zimetoka kwenye ufunguo. Kengele zimechakaa, au ni sikio langu?

JIBU: Sikio lako zima, na kengele hazina kasoro. Ulichosikia kimo ndani ya kengele yenyewe.

Gonga kengele ya do halafu sikiliza kwa makini. Utasikia sauti tano: do ya oktava moja chini, ambayo ndiyo hubaki ikivuma mpaka mwisho, do yenyewe, mi iliyoshushwa nusu hatua, so, na do ya oktava moja juu. Hiyo mi iliyoshushwa ndiyo inayokusumbua. Ni theluthi ya maina (umbali wa noti unaosikika wenye huzuni), nayo imo katika kila kengele ya kawaida, hata wimbo uwe wa harusi. Sasa piga do, mi na so pamoja. Kengele ya do inatoa mi iliyoshushwa wakati kengele ya mi inatoa mi kamili, na hizo mbili zinagombana kwa umbali wa nusu hatua. Kengele ya mi inaongeza so, hiyo haina ubaya. Kengele ya so nayo inaleta ti iliyoshushwa. Kodi (noti zinazolia pamoja) uliyoizoea kwenye kinanda ikiwa na noti tatu, hapa imekuwa mkusanyiko wa sauti zaidi ya kumi.

Ndiyo maana muziki uliotungwa hasa kwa ajili ya kariloni (kengele zisizopungua 23 zinazopigwa kwa kinanda kimoja) hupenda sana maina. Ukitaka kupanga wimbo wa meja, anza na sauti mbili tu, tuni na besi. Mi usiiweke jirani na do ya chini. Ipandishe oktava nzima, maana huko juu kengele ni ndogo, mlio wake hufifia mapema na mgongano haukai. Besi iguse mara moja kila kodi inapobadilika, usiirudie katika kila pigo. Kengele haina kizuio cha kukata mlio. Besi ya kodi iliyopita itaendelea kuvuma sekunde kadhaa ndani ya kodi mpya, na hapo ndipo wapiga kinanda wengi wanapoharibu: wanapanga noti kama zilivyo kwenye kitabu cha nyimbo, sauti zote nne, na kinachosikika uwanjani ni ukungu mtupu.

Kuhusu uchakavu, kuna jambo moja la kweli. Kengele husubuwa, yaani humiminwa katika kalibu, kwa bronzi, takriban shaba sehemu nne na bati sehemu moja, na kiwandani huachwa nene kidogo makusudi. Kisha hugeuzwa kichwa chini kwenye mashine ya kukereza na kukwanguliwa kwa ndani. Kukwangua hushusha sauti, na kila kimo cha ukuta wa kengele huathiri sauti tofauti kati ya zile tano. Fundi akikwangua kupita kiasi hakuna kurudisha. Kengele hurudi kwenye tanuri. Waliofanikiwa kwanza kulinganisha kengele za kariloni nzima kwa usahihi ni ndugu François na Pieter Hemony, katika mji wa Zutphen huko Uholanzi mwaka 1644, wakiongozwa na sikio la Jacob van Eyck, mpiga kengele kipofu wa Utrecht. (Asichanganywe na Jan van Eyck mchoraji, ambaye tunamfikia chini.) Baadaye, hewa chafu na mvua vinapoila bronzi, kengele ndogo huumia zaidi, kwa sababu milimita moja katika ukuta mwembamba ni hasara kubwa kuliko milimita ileile katika ukuta mnene. Belfort ina kengele 47. Kati ya hizo, 26 ni za fundi Joris Dumery, za miaka ya 1740. Zile 21 nyingine, ndogo, ni za kiwanda cha Eijsbouts, za mwaka 2010.

SWALI: Kila robo saa Belfort hupiga kipande cha wimbo. Je, kuna mtu anayekaa juu usiku na mchana?

JIBU: Hapana. Anayepiga robo saa ni silinda ya shaba yenye uzito wa tani 9 hivi, iliyosubuwa na Antonius de Hondt mwaka 1748. Uso wake una matundu ya mraba 30,500. Ndani ya matundu hayo hufungwa pini za chuma, na kila pini hukazwa kwa nati kutoka upande wa ndani wa silinda.

Silinda inapozunguka, pini inabeba mkia wa wenzo. Wenzo unavuta waya. Waya unainua nyundo iliyo nje ya kengele. Noti hailii pini inapoushika wenzo, hulia pini inapouachia na nyundo kuanguka. Jambo hili dogo ndilo linalompa fundi kazi anapobadilisha nyimbo, maana hesabu yote ya mapigo hufuata ukingo wa nyuma wa pini. Noti ikitakiwa kulia kati ya mistari miwili ya matundu, hutumika pini yenye kichwa kilichosogezwa mbele au nyuma. Noti ileile ikirudiwa haraka, nyundo moja haiwezi: bado inapandishwa wakati wa kulia umeshafika. Kwa hiyo kengele zinazotumika sana hufungwa nyundo mbili au zaidi zinazopokezana.

Ukisikia noti moja inachelewa kila mara mahali palepale, shuku pini iliyopinda. Ikipotea kabisa, mara nyingi nati imelegea na pini imechomoka. Na noti nyingi zikilia dhaifu kwa pamoja siku ya joto, tatizo liko kwenye waya: chuma kimerefuka, nyundo hazipandi kimo chake. Dawa yake ni kukaza skrubu za waya, kazi ya dakika chache kwa anayejua. Kuhamisha pini kwa ajili ya nyimbo mpya ni kazi ya siku nyingi, na Brugge huifanya mara moja kila miaka miwili.

Mpiga kariloni mwenyewe hutumia njia nyingine kabisa. Kinanda chake huvuta ndimi zilizo ndani ya kengele, na zile nyundo za nje hazigusi.

SWALI: Nitapita Brugge kwa siku moja. Nisimame wapi nisikie kengele vizuri, na je, inafaa kupanda mnara?

JIBU: Usisimame chini ya ukuta wa mnara. Hapo kengele kubwa zitakupiga kifuani, na zile ndogo zinazobeba tuni zitapita juu ya kichwa chako. Uwanja wa soko mbele ya Belfort una nafasi, ila una kelele za kwato za farasi na magari yao. Wenyeji huingia kwenye ua wa ndani wa jengo lililoshikana na mnara: kuta zinazuia kelele za mtaa, na sauti inashuka kutoka juu ikiwa safi. Siku ya upepo chagua upande ambao upepo unaelekea, hata ikibidi usogee mitaa miwili nyuma.

Tamasha za mpiga kariloni kwa kawaida ni Jumatano, Jumamosi na Jumapili saa 5 asubuhi, na majira ya joto kuna nyingine za jioni. Thibitisha ratiba ya wiki yako kabla ya kusafiri.

Mnara una kimo cha mita 83 na ngazi 366. Watu wanaoruhusiwa ndani kwa wakati mmoja ni wachache, kwa hiyo chukua tiketi yenye saa maalumu. Ngazi za juu ni nyembamba mno, wanaopanda na wanaoshuka hupishana ubavu kwa ubavu; begi kubwa liache chini. Pima muda wako uwe mbele ya silinda robo saa inapogonga. Ukiwa umeshafika kwenye kengele wakati huo, ziba masikio.

SWALI: Ninaweza kujifunza kariloni nikiwa mtu mzima? Kinanda cha kanisani ninakimudu.

JIBU: Unaweza, na miguu yako iliyozoea pedali ni mtaji. Mikono ndiyo itakayoanza upya. Kinanda cha kariloni hakina vibao bapa; kina safu mbili za vijiti vya mviringo, na kila kimoja hushuka takriban sentimita 5. Hupigwa kwa ngumi iliyolegea, kwa upande wa kidole kidogo. Kosa la kwanza la kila mwanafunzi ni kukaza ngumi na kupiga kwa bega. Ndani ya nusu saa ngozi ya kidole inatoka malengelenge. Weka mkono juu ya kijiti kabla ya kupiga, uache uzito wa kiganja ushuke, kisha uinue mara moja ili ulimi usibaki umelala kwenye kengele na kuua mlio.

Nguvu ya sauti inategemea kasi ya kijiti, kwa hiyo unaweza kunong'ona na unaweza kunguruma, jambo ambalo kinanda cha mabomba hakikupi. Noti ndefu huku juu hushikiliwa kwa kupiga kengele mbili kwa kupokezana haraka sana. Mtindo huo aliukuza Jef Denyn wa mji wa Mechelen, ambaye mwaka 1922 alianzisha huko shule ya kwanza ya kariloni duniani, na shule hiyo ingali ikifundisha. Mazoezi hayafanyiki mnarani. Hufanyika kwenye kinanda cha chumbani kilichounganishwa na vipande vya chuma, maana juu ya mnara kila kosa lako linasikilizwa na mji mzima.

SWALI: Ninafundisha kwaya ya watu 16. Tungependa kuimba muziki wa kale wa Brugge wenyewe, si wa Italia. Tuanze na nini, na tuimbeje?

JIBU: Mwalimu, anzeni na Jacob Obrecht. Alifundisha waimbaji wa kanisa la Mtakatifu Donatian mjini Brugge kuanzia 1485, na akaandika misa ya sauti nne ya Mtakatifu Donatian kwa ajili ya kumkumbuka mfanyabiashara wa manyoya aliyeitwa Donaes de Moor, aliyefariki 1483. Mjane wake, Adriane de Vos, ndiye aliyegharamia ukumbusho huo katika kanisa la Mtakatifu Yakobo. Ni muziki wa mji huu hasa: umelipiwa na familia ya biashara, na umeshonwa kwa tuni za kanisa pamoja na wimbo wa mtaani wa Kiholanzi. Chukueni Kyrie (sehemu ya kwanza ya misa, "Bwana utuhurumie") peke yake kwanza. Inatosha kwa miezi miwili.

Waimbaji wa wakati ule hawakuwa na nakala kila mmoja. Walisimama mbele ya kitabu kimoja kikubwa, wavulana mbele na wanaume nyuma. Sauti ya juu iliandikwa sehemu ya juu ya ukurasa wa kushoto na teno chini yake. Alto juu ya ukurasa wa kulia na besi chini yake. Kila mtu aliona mstari wake tu, usio na mistari ya kugawa mapigo. Igeni hilo. Chapisheni kila sauti peke yake, futeni mistari ya kugawa, na kwaya nzima isimame katika nusu duara ya karibu, bega kwa bega. Watu 16 ni wengi kwa kitabu kimoja; gawanyeni makundi mawili ya wanane, wawili kila sauti, mpokezane.

Mkono wako ushuke na kupanda kwa mwendo wa moyo uliotulia, bila kuonyesha pigo la kwanza. Hapa ndipo kwaya nyingi huanguka. Tumezoea kukaza pigo la kwanza, basi sauti zote nne zinakazia mahali pamoja, na ule mwendo ambao Obrecht aliupishanisha kwa uangalifu unakuwa gwaride. Kila sauti ikazie neno lake linapokazika, hata kama jirani yuko katikati ya neno jingine.

Teno ikiwa na noti ndefu kupita kiasi, hiyo ni tuni ya kanisa iliyonyooshwa. Msiisukume isikike, wapishane pumzi, wawe kama sakafu. Ufunguo ulioandikwa si sheria: tafuteni noti ya juu kabisa ya sauti ya kwanza na ya chini kabisa ya besi, kisha hamisheni misa nzima mpaka zote mbili zikae vizuri kooni. Alama ya kupandisha ikiwekwa juu ya noti badala ya mbele yake, hiyo ni ya mhariri wa kisasa. Mwimbaji wa karne ya 15 alijua mwenyewe kwamba ti hupandishwa anapokaribia kumaliza sentensi ya muziki, kwa hiyo kwa kawaida alama hizo ziheshimuni.

Na piano ifungeni baada ya kutoa noti ya kwanza. Theluthi ya meja iliyo safi ni nyembamba kidogo kuliko ya piano. Kwaya ikifuata piano, kodi ya mwisho haitatulia kamwe. Ikisikilizana yenyewe, utaisikia inajifunga, kama mlango unapokaa kwenye fremu yake.

SWALI: Ni kweli kuna sanamu ya Michelangelo Brugge?

JIBU: Kweli. Ni Bikira na Mtoto wa marumaru, ndani ya kanisa la Mama Yetu, lile lenye mnara wa matofali wa mita 115. Familia ya Mouscron, wafanyabiashara wa Brugge, waliinunua mwanzoni mwa karne ya 16. Imeibwa mara mbili: na Wafaransa 1794, na Wajerumani 1944, ambao waliificha katika mgodi wa chumvi wa Altaussee huko Austria. Mara zote mbili ilirudi.

SWALI: Muziki wa leo unapigwa wapi?

JIBU: Ukumbi mkuu ni Concertgebouw, uliofunguliwa 2002 mwaka ambao Brugge ilikuwa mji mkuu wa utamaduni wa Ulaya. Wasanifu ni Paul Robbrecht na Hilde Daem. Nje umevikwa vigae vyekundu, na ukumbi mkubwa una viti karibu 1,300. Kwa muziki wa kale nenda Agosti, wakati wa MA Festival.

SWALI: Ninasomea uchoraji. Nina saa moja tu ndani ya jumba la makumbusho la Groeninge. Niangalie nini, na niangalieje?

JIBU: Picha moja. Mbele ya Bikira pamoja na Kasisi Joris van der Paele, iliyochorwa na Jan van Eyck na kukamilika 1436, saa moja ni ndogo. Ina upana wa zaidi ya mita moja na nusu, kwa hiyo anza umbali wa mita mbili na nusu uione nzima. Iliwekwa katika kanisa lilelile la Mtakatifu Donatian ambako Obrecht alikuja kufundisha kwaya miaka 50 baadaye. Kanisa lilibomolewa mwaka 1799. Van Eyck mwenyewe alizikwa humo.

Ukishaiona nzima, sogea kwa kasisi. Mkononi ana miwani, na maandishi ya kitabu yaliyo nyuma ya kioo chake yamekuzwa na kupinda, kama yanavyopinda kweli. Tazama mishipa ya kipaji chake na ngozi iliyolegea shingoni. Halafu shuka mpaka miguuni: Mtakatifu George, anayemtambulisha kwa Bikira, amekanyaga upindo wa kanzu ya kasisi. Upande wa kushoto Mtakatifu Donatian ameshika gurudumu lenye mishumaa mitano. Mwisho nenda ukingo wa kulia, kwenye ngao iliyo mgongoni mwa George. Katika kioo cha chuma chake kumeakisiwa kimtu kidogo kilichosimama. Inaaminika ndiye mchoraji mwenyewe. Beba darubini ndogo ya mkono, kwa sababu mlinzi hatakuruhusu ukaribie kiasi cha kuona vizuri.

Kuhusu ufundi: si kweli kwamba van Eyck alivumbua rangi ya mafuta. Ilikuwapo karne nyingi kabla yake. Alichokifanya ni kuitandaza nyembamba na kuirudia kwa subira. Mbao za mwaloni zilipakwa chaki iliyochanganywa na gundi ya ngozi, zikasuguliwa mpaka zikawa laini na nyeupe. Juu yake mchoro, kisha rangi ya mafuta ya kitani. Kwa joho jekundu la Bikira aliweka kwanza rangi nzito isiyopitisha mwanga, ikikauka akapaka juu yake matabaka membamba ya nyekundu inayopitisha mwanga, moja baada ya jingine. Mwanga wa chumba unayapenya matabaka hayo, unagonga ile rangi nzito iliyo chini na kurudi machoni pako ukiwa umelowa wekundu.

Kivuli hakupaka kwa kuongeza nyeusi. Aliongeza matabaka ya nyekundu ileile. Kwa hiyo, kinyume na ulivyozoea darasani, sehemu za giza ni nene kuliko sehemu za mwanga. Simama kando ya picha, macho yawe karibu sawa na uso wake, utazame mikunjo ya joho: mabonde ya kivuli yameinuka, na migongo inayong'aa imelala. Ukijaribu mwenyewe, kila tabaka lisubiri la chini yake likauke sawasawa na liwe na mafuta zaidi kidogo kuliko lililotangulia. Ukipaka tabaka linalokauka haraka juu ya lile ambalo bado bichi, la chini litaendelea kusogea, na baada ya miezi la juu litapasuka.